Chavua ya mkunazi kwenye ufuko wa Guyana: uchambuzi wa kisa cha vipepeo waliovuka Atlantiki

Tarehe 28 Oktoba 2013, mtafiti wa wadudu Gerard Talavera, wa Taasisi ya Botania ya Barcelona, alikuwa ufukoni Guyana ya Kifaransa, kaskazini-mashariki mwa Amerika Kusini (humu nitaiita Guyana tu), alipoona vipepeo wametua mchangani. Walikuwa kama kumi. Mabawa yao yalikuwa yamechakaa, yametoboka matundu kama shuka lililoliwa na mende. Aliwatambua, maana aina ile aliijua vizuri. Kilichomshangaza ni mahali alipowakuta: kipepeo yule hana makao Amerika Kusini.

Alikamata watatu. Hao watatu ndio waliozaa makala iliyotoka tarehe 25 Juni 2024 katika jarida la Nature Communications, ikieleza kwamba yamkini wadudu wale walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi: kilomita 4,200 kwa uchache, hakuna kisiwa cha kupumzikia wala ua la kunywa. Kati ya ufuko na makala ilipita zaidi ya miaka kumi.

Umbali huo unatosha kumfanya mtu aweke kikombe cha chai mezani. Mimi, hata hivyo, kilichonifanya nikirudie kisa hiki mara kwa mara ni namna hoja yake ilivyosukwa. Hakuna aliyewaona vipepeo wakiondoka Afrika. Hakuna aliyekutana nao njiani. Hawakuwa na kifaa chochote mgongoni cha kutuma habari. Kulikuwa na miili mitatu midogo iliyochoka, na kila jambo ambalo miili ile ingeweza kueleza lilijibu swali moja tu na kunyamazia mengine yote. Wenzetu wanaosokota kamba za usumba wanajua kazi ya namna hiyo: uzi mmoja wa kumbi la nazi hukatika kwa vidole viwili, lakini ukisokotwa na wenzake hufunga jahazi. Ndivyo nitakavyokipitia kisa hiki, uzi baada ya uzi, na pale ninapoona uzi ni dhaifu nitasema.

Msafiri mwenyewe

Kisayansi anaitwa Vanessa cardui. Carl Linnaeus alimpa jina la cardui mwaka 1758, kutokana na neno la Kilatini la mbaruti, kwa sababu viwavi wake hupenda sana majani ya mibaruti. Kwa kuwa sisi humwita kipepeo tu kama wenzake wote, humu nitamwita kipepeo wa mibaruti. Ni wa rangi ya machungwa iliyochanganyika na nyeusi, ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi zenye madoa meupe, na akifumba mabawa utaona upande wa chini mstari wa vidoa vya duara vinavyofanana na macho. Akiyafungua yote, upana wake ni sentimita tano hadi saba hivi. Uzito wake haufiki gramu moja.

Si kipepeo wa kuchagua chakula. Mbali na mibaruti, viwavi wake hula upupu wa nchi za baridi, mimea ya jamii ya bamia na pamba, na aina nyingine zaidi ya mia moja. Jike hutaga yai mojamoja juu ya jani. Baada ya siku chache anatoka kiwavi, anajifumia kibanda cha hariri kwenye majani na kuyala hukohuko ndani. Akishiba anageuka pupa, na baada ya wiki moja au mbili anatoka kipepeo. Kukiwa na joto, mambo yote hayo humalizika kwa muda wa mwezi mmoja na kidogo. Kipepeo mzima naye huishi wiki mbili hadi nne.

Jambo moja katika maisha yake ndilo linaloeleza mengine yote: hajui kulala msimu mbaya upite. Vipepeo wengi wa nchi za baridi hupitisha miezi ya theluji wakiwa mayai au pupa, wamezima kama taa. Huyu hawezi. Majani yakinyauka au baridi ikiingia, ni ahame au afe. Kwa hiyo yuko njiani mwaka mzima, akifuata ukijani: majira ya kuchipua anapanda kutoka Afrika kwenda Ulaya, wengine wakikaribia ukanda wa Aktiki, kaskazini kabisa, na majira ya majani kupukutika anashuka. Mzunguko mzima waweza kufika kilomita 15,000, nao hutembewa na vizazi hadi kumi kwa kupokezana. Anayerudi Afrika ni kitukuu cha aliyeondoka, na njia hiyo hajafundishwa na yeyote.

Kwa muda mrefu safari ya kurudi ilikuwa fumbo. Kila masika Ulaya waliona vipepeo wakija kwa mafuriko, lakini vuli hawakuwaona wakiondoka, hata wengine wakasema wanaokwenda kaskazini hufa huko na vizazi vyao, wamepotezwa na majani mazuri. Jibu lilikuja na rada zinazotazama juu kutoka ardhini. Mwaka 2009, ambao kipepeo huyu alifurika mno, rada za Uingereza zilisaidia kukadiria kwamba walioingia nchi ile masika walikuwa milioni 11, na walioondoka vuli walikuwa milioni 26. Walikuwa wakiondoka muda wote, kwa wastani wa mita 500 na zaidi kwenda juu, mahali ambapo jicho la mtu halimwoni mdudu.

Wakiondoka, wanakwenda wapi? Talavera na mwenzake Roger Vila walifunga safari za Senegali, Benin, Chad na Ethiopia, wakaonyesha mwaka 2016 kwamba kipepeo huyu hulivuka jangwa la Sahara na kuingia ukanda wa Sahel pale mvua za huko zinapoishia na mimea ingali mibichi. Huko huzaa, kisha vizazi vinavyofuata huteremka zaidi kusini, kwenye savana na nyanda za juu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu lina uzito katika jalada letu. Oktoba, mwezi wa ufuko ule wa Guyana, ndio mwezi ambao vipepeo waliozaliwa Ulaya wanamiminika Afrika Magharibi. Kalenda peke yake haithibitishi safari. Ila inatuambia kwamba siku zile, upande wa pili wa bahari, njia ilikuwa imejaa wasafiri.

Njia nne zinazowezekana

Mtu mwadilifu hakimbilii jibu linalopendeza. Kulikuwa na maelezo manne ya vipepeo wale kumi, na matatu kati yake hayana maajabu yoyote.

La kwanza ni kwamba walizaliwa palepale, katika jamii ndogo ambayo haijagunduliwa. Hili ndilo jepesi kuliondoa. Huyu si mdudu wa kujificha: anapenda mahali pa wazi, ana rangi kali, anatua maua ya bustani. Kama angekuwa anazaa Guyana angekwisha kuonekana. Tena kipepeo aliyezaliwa jirani huwa na mabawa mapya, magamba yake yote yapo. Hawa walikuwa magofu.

La pili ni Amerika Kaskazini. Hili lina nguvu, na mimi ningelikuwa nabishana na Talavera siku ile ndilo ningelishika. Kipepeo wa mibaruti yuko kwa wingi Marekani na Mexico, na huko nako vuli hushuka kusini. Kuteremka kwa kufuata nchi kavu na visiwa vya Karibi hadi Guyana ni rahisi kusadiki kuliko kuvuka bahari kuu.

La tatu ni meli. Wadudu wengi wamesambaa duniani kwa kujificha kwenye shehena, na Atlantiki haikosi meli.

La nne ni kwamba waliletwa na upepo kutoka Afrika.

Upepo

Sisi watu wa mwambao wa Bahari ya Hindi tuna bahati ya kulielewa swali la upepo bila mwalimu. Manahodha wetu hawakuuliza kama jahazi lina nguvu za kufika Maskati. Waliuliza kama kaskazi imekwisha na kusi imeanza. Upepo ukiwa na wewe, chombo kibovu kitafika. Ukiwa kinyume, kizuri kitavunjika mlingoti. Atlantiki ya tropiki nayo ina upepo wake wa kudumu, unaotoka mashariki na kaskazini-mashariki, Afrika, kuelekea Amerika. Ndio uliomsukuma Christopher Columbus kutoka visiwa vya Canary mwaka 1492. Upepo huohuo hubeba vumbi la Sahara, sehemu yake likitoka bonde kavu la Bodélé nchini Chad, hadi msitu wa Amazon. Vipimo vya satelaiti vya mwaka 2007 hadi 2013 vilikadiria kwamba vumbi hilo huuongezea msitu ule tani 22,000 hivi za fosforasi kila mwaka. Barabara ipo, na inatumika.

Ila barabara kuwapo si sawa na mtu kupita. Watafiti walichukua kumbukumbu za hali ya hewa za siku zilizotangulia tarehe 28 Oktoba, wakaurudisha mwendo wa hewa nyuma, kutoka ufukoni kwenda ilikotokea, katika vimo mbalimbali. Njia za hewa zikaelekea ng'ambo, hadi pwani ya Afrika Magharibi, na hali ya siku zile ilikuwa nzuri isivyo kawaida kwa msafiri wa kuelekea magharibi. Kwa upande wa Amerika Kaskazini hazikuwapo pepo za kumleta mdudu pale.

Huo ni uzi wa kwanza, nao unaegemea kompyuta. Unasema hewa ilitoka Afrika. Hausemi kwamba kipepeo alikuwa ndani ya hewa hiyo.

Vinasaba

Hapa nitapita haraka, si kwa kudharau, bali kwa sababu jibu lilikuja wazi. Vinasaba vya wale watatu vililinganishwa na vya vipepeo wa aina hiyohiyo kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Wa Amerika Kaskazini wana alama zao. Wa Ulaya na Afrika wana zao, nao ni jamii moja, kama inavyotazamiwa kwa watu wanaosafiri kila mwaka baina ya mabara hayo mawili. Wasafiri wa Guyana waliangukia kundi la Ulaya na Afrika. Maelezo ya pili yakafa hapo.

Kilichobaki ni meli na upepo, na swali la nyongeza: Ulaya au Afrika? Vinasaba haviwezi kusema, maana vipepeo wa pande hizo mbili ni ndugu wa damu.

Mkunazi na sabara

Sasa tumefika kwenye ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine wote.

Kipepeo akitua kwenye ua kunywa mbochi, yale maji matamu ya ndani, huondoka na chavua. Chembe zake hung'ang'ania kwenye mrija wa kunyonyea, kwenye macho, kwenye manyoya ya kifua na miguuni. Hazionekani kwa macho matupu, lakini kila chembe ina DNA ya mmea wake. Kikundi hiki, Tomasz Suchan wa Poland akiwa mmoja wa waliotangulia kuitumia njia hii kwa vipepeo, huosha chavua ile kutoka mwilini, husoma kipande kimoja cha DNA kinachotofautiana baina ya mmea na mmea, kisha hulinganisha na orodha ya mimea inayojulikana. Matokeo yake ni kama kumpekua msafiri mifukoni na kukuta risiti za hoteli alizokula njiani.

Katika mifuko ya vipepeo wale kulikuwa na mimea miwili ya kuzingatia. Mmoja ni Guiera senegalensis, kichaka chenye majani ya kijivu-kijani kinachoota kwenye mashamba ya mchanga yaliyoachwa, kutoka Senegali hadi Sudan. Wahausa wanakiita sabara na kukitumia kwa dawa ya kikohozi. Mwingine ni Ziziphus spina-christi, na huyo msomaji wa pwani hahitaji kutambulishwa: ni mkunazi. Ni mti wa miiba wa jenasi moja na ule wa kunazi tunazookota tukiwa watoto, ambao Waarabu wanauita sidri, na ambao majani yake huchanganywa na maji ya kumwoshea maiti wa Kiislamu. Sikutarajia, nikisoma habari za ufuko wa Amerika Kusini, nikutane na mti ninaoujua harufu yake.

Mimea yote miwili huchanua Sahel kati ya Agosti na Novemba, mvua zinapokwisha. Yaani mahali panalingana na wakati unalingana.

Je, uzi huu hauwezi kukatika? Mkunazi peke yake ungebishaniwa, kwa sababu mikunazi na jamaa zake imesambazwa na watu katika nchi nyingi za joto. Sabara ndiyo inayoziba mlango. Ni mmea wa Sahel, hauna ndugu katika jenasi yake, hauoti msitu wa Guyana wala malisho ya Texas. Kipepeo mwenye chavua ya sabara alikuwa Afrika, tena kwenye maua, tena si zamani, kwani chavua haidumu mwilini maisha yote. Kama ningeambiwa nichague shahidi mmoja tu wa kumpandisha kizimbani katika kisa hiki, ningechagua kichaka hicho cha majivu.

Na meli? Chavua haiwezi kuiondoa. Kipepeo aliyekunywa sabara Senegali angeweza kupanda meli bandarini Dakar. Lakini tazama picha nzima. Vipepeo kama kumi kwa pamoja, si mmoja. Wametua mchangani mwa bahari, si ghalani wala gatini. Siku zilezile ambazo upepo wa Afrika ulikuwa ukifika mahali palepale. Meli ingelazimika kuwabeba wote, kuwaweka hai siku nyingi bila chakula, kisha kuwaachia kwa kufuata ratiba ya upepo. Mimi hapo naiacha meli iende zake.

Mabawa kama hati ya kuzaliwa

Walipoondokea tumepajua. Walipozaliwa ni habari nyingine, na njia ya kupatafuta ni ya werevu mkubwa ingawa jibu lake halikukaza kama la chavua.

Bawa la kipepeo hujengwa mara moja tu, ndani ya pupa, kwa malighafi aliyokula akiwa kiwavi. Baada ya hapo halikui wala halifanywi upya. Kwa hiyo kilichomo ndani yake ni kile kilichokuwa ndani ya majani ya kwao. Majani yalikunywa mvua ya pale, na mvua ina saini yake: hidrojeni ina aina nyepesi na nzito, na mawingu yanapokwenda mbali na bahari na mbali na ikweta, ile nzito hutangulia kudondoka, hivyo mvua ya Ireland na mvua ya Ghana hazina uwiano mmoja. Majani vilevile yalifyonza strontiamu, elementi iliyomo kwenye miamba, kutoka udongoni, na uwiano wa isotopu za strontiamu hufuata miamba: mwamba mkongwe wa matale una saini tofauti na chokaa changa. Clément Bataille wa Chuo Kikuu cha Ottawa ni mtaalamu wa ramani za strontiamu. Ukiiweka ramani ya mvua juu ya ramani ya miamba, sehemu nyingi za dunia hufutika, na zinazobaki ndizo zinazoweza kuwa kwao.

Zilizobaki kwa uzito mkubwa zilikuwa Ulaya Magharibi: Ufaransa, Ireland, Uingereza, Ureno. Ikiwa ni hivyo, wale vipepeo walikuwa viwavi Ulaya, wakavuka Sahara au kupita pembeni mwake, wakanywa sabara na mkunazi, kisha wakavuka bahari, na jumla ya safari ikazidi kilomita 7,000 katika uhai wa wiki chache.

Watafiti wenyewe waliandika “ikiwa”. Vichwa vingi vya habari vililiacha neno hilo njiani, na nadhani ni kosa. Ramani za isotopu hutoa uwezekano, hazitoi anwani, na mahali fulani pa Afrika Magharibi palibaki hapajafutika kabisa. Kilomita 4,200 zimesimama juu ya nyuzi nne zilizosokotwa pamoja. Zile 7,000 zimesimama hasa juu ya uzi huu mmoja.

Mafuta ya safari

Liko swali ambalo hata mtoto angeuliza: nguvu walizitoa wapi?

Kipepeo husafiri kwa mafuta aliyohifadhi tumboni. Kikundi hiki kilipiga hesabu: akipiga mabawa muda wote bila msaada wa upepo, mafuta yangemwishia baada ya kilomita 780 kwa wingi wake. Hiyo haifiki hata moja ya tano ya njia. Kwa hiyo yeyote anayesema vipepeo hawa walivuka kwa nguvu za mabawa amekosea, hata kama anasema kwa kuwasifu.

Hesabu hubadilika kabisa ukimpa upepo. Kinachowezekana ni kupiga mabawa kidogo ili asishuke, kisha kuyatandaza na kuachilia hewa imbebe, kisha kupiga tena. Kwa njia hiyo safari ilikadiriwa kuchukua siku 5 hadi 8. Gawanya mwenyewe: kilomita 4,200 kwa siku 8, mchana na usiku, ni kama kilomita 22 kwa saa, kwa siku 5 ni 35. Huo ni mwendo wa upepo wa kawaida kabisa. Wala si tofauti na alichofanya nahodha wa jahazi: kazi yake haikuwa kukisukuma chombo, ilikuwa kukizuia kisizame huku upepo ukifanya kazi.

Kulipima jalada

Udhaifu wa kisa hiki uko wazi na sitaki kuufunika. Vipepeo watatu, siku moja, ufuko mmoja. Kutokana na hao huwezi kusema uvukaji hutokea kila mwaka, wala kila miaka kumi. Waliofika tunaweza kuwahesabu. Walioanguka baharini hawaachi alama.

Kwa upande wa pili, hawakuwa wadudu wa kwanza kuifuata barabara ile. Oktoba 1988, wakati wa wimbi kubwa la nzige wa jangwani Afrika Magharibi, makundi ya nzige yalifika visiwa vya Karibi na ukingo wa Amerika Kusini, yakiwa yamechukuliwa na pepo hizohizo. Kila mkulima wa Kenya, Somalia na Ethiopia aliyeona mawingu ya nzige mwaka 2020 anajua mdudu yule anaweza nini akipata upepo. Nzige lakini ni mkubwa na mnene. Kisa cha Guyana kimeongeza kwamba hata mwenye mabawa mapana ya kupeperushwa kama karatasi anaweza.

Na sisi tuna wetu. Kereng'ende aitwaye Pantala flavescens hutua visiwa vya Maldives kila Oktoba kwa wingi wa kutisha, katika visiwa ambavyo havina maji ya kutosha ya kuwazalia. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi huko, aliandika mwaka 2009 kwamba wanatoka India na kwamba wanaendelea na safari hadi Afrika Mashariki wakipanda pepo za msimu. Mwaka 2012 hidrojeni ya mabawa yao ilipimwa, kwa kanuni ileile niliyoieleza juu, ikaonyesha wamezaliwa kaskazini mwa Bara Hindi au hata mbali zaidi. Kaskazi iliyoleta tende na mazulia kwa karne nyingi ilikuwa pia inaleta kereng'ende.

Ndiyo maana naona uchungu kidogo ninaposoma kipepeo wa mibaruti akiitwa “kipepeo wa Ulaya anayekwenda Afrika msimu wa baridi”. Huyu huzaa Afrika, hula Afrika, na miaka anapofurika Ulaya imeonekana kutanguliwa na majani mengi barani kwetu baada ya mvua nzuri. Bila sabara na mikunazi ya Sahel hakuna mafuta tumboni, na bila mafuta hakuna Uingereza wala Guyana. Lakini waangalizi wamejaa upande mmoja wa njia. Ulaya kila bustani ina mtu mwenye daftari. Kati ya Senegali na Sudan watafiti wamelazimika kukodi magari na kwenda kutafuta wenyewe.

Kipepeo huyu yupo pia kwenye nyanda zetu za juu, Kenya na Tanzania, na watu hupishana naye bila kumtazama mara mbili. Picha ya simu inayoonyesha mabawa yake kwa juu na kwa chini, pamoja na tarehe na mahali, ni ushahidi kamili. Picha ya kiwavi juu ya mmea anaoula ni bora zaidi, maana inaonyesha anazaa hapo. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo ya kutazama sana, wakati vizazi vilivyotoka Sahel vinapokuwa vimeteremka.

Ng'ambo, Guyana, ndugu zake wa jenasi hiyohiyo ya Vanessa wapo Amerika Kusini tangu zamani, kwa hiyo viwavi wa namna hii si wageni kwa mimea ya bara lile. Hata hivyo, kipepeo wa mibaruti hajapata kuanzisha makao huko. Wale kumi walihitaji jike na dume wenye nguvu zilizobaki, na jani la kutagia karibu na mchanga. Walikuwa na wiki moja hivi ya kuishi, labda pungufu, na miilini mwao bado kulikuwa na vumbi la maua ya mkunazi.